Jozi Tatu za Tairi Moja

Nimefunga watu wengi, na wengi wao walistahili. Huyu mmoja hakustahili, na nilijua hivyo kabla jaji hajasoma hukumu. Sasa mimi ni mstaafu, mzee wa kanisa karibu na Mukuyuni, mtu anayepewa kiti cha mbele kwenye harusi. Sitaki mtu anihurumie nikisimulia haya. Huruma, kama ipo, ni ya yule mwingine.

Mambo yangu yote yalianza na miguu. Nilizaliwa Kitui, sehemu za chini ambako mvua huja kama mgeni asiyependa kulala, na kwetu kijana mwenye kifua alikuwa akilelewa huku anaambiwa kwamba atakwenda jeshi. Siku ya kuandikwa tulienda mimi na kaka yangu anayenizidi miaka miwili. Tulivuliwa mashati uwanjani, tukakaguliwa meno, tukakimbizwa mpaka wengine wakatapika, kisha tukaambiwa tukanyage maji halafu tukanyage saruji kavu. Afisa mmoja aliinama akatazama alama. Ya kaka yangu ilikuwa bapa kutoka kisiginoni mpaka vidoleni. Akaambiwa achukue shati lake aende nyumbani. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na alikuwa amenishinda mbio asubuhi hiyo hiyo. Nilimwona akitembea kuelekea barabarani, shati begani, na badala ya kumwonea uchungu nilitazama alama yangu mwenyewe iliyokuwa inakauka kwenye saruji na kuona ni nzuri.

Jeshini nilikaa miaka tisa, mingi kati yake kaskazini. Huko nilifundishwa vitu viwili. Cha kwanza nilifundishwa na mzee mmoja Mwislamu, mchuuzi wa mifugo, ambaye tulimchukua atuongoze njia. Mzee huyo alikuwa akisoma nyayo. Angekuambia huyu alipita jana jioni, amechoka, amebeba kitu upande wa kulia, na ana kiu. Lakini hakusema neno mpaka afuate alama zile kwa saa nzima, arudi nyuma, aziangalie tena. Sisi tulikuwa tunamnung'unikia kwa uvivu wake. Mimi nilichukua macho yake, subira yake nikaiacha huko huko.

Cha pili nilifundishwa na sajini wangu. Aliniambia kwamba ukitaka kumpiga mtu azungumze, mpige nyayo, kwa sababu hakuna hakimu anayemwambia mshtakiwa ainue miguu. Alisema hivyo akichekelea, akiwa anamenya chungwa. Sikuona ubaya wowote. Niliona ni mtu anayeijua kazi yake.

Mkataba ulipoisha nikaingia polisi, nikiwa nimebakiza miezi michache umri unipite, na baada ya miaka ya kusimama barabarani nikapelekwa upelelezi. Nimefanya kazi Kitui na Makueni, nikihamishwa huku na huku. Sifa zangu zilikuwa nyayo. Kuna mwizi mmoja wa mbuzi aliyevaa ndala za mke wake ili nidhani mwizi ni mwanamke. Niliangalia jinsi kisigino kilivyozama, nikasema mwanamke wa kwetu hubeba mzigo mgongoni kwa kamba, habebi mabegani, na huyu amebeba mbuzi mabegani. Tulimkuta bado anachuna ngozi. Hadithi hiyo ilizunguka vituo vyote, na kila nilipohamishwa niliikuta imenitangulia. Wakubwa wangu walipenda kuniita mbele ya wageni niwaeleze. Nilikuwa na kiburi, na sikukificha.

Ndipo akauawa mama mmoja mjane, mwenye duka katika soko dogo kati ya Matiliku na Kasikeu. Ilikuwa mchana, siku ya soko, watu wamejaa kule mbele wakinunua na kuuza. Mtu aliingia kwa mlango wa nyuma, akampiga kichwani kwa chuma cha kufungia mlango, akatoka. Kesho yake alikufa hospitalini bila kuzungumza. Nyuma ya duka palikuwa na matope ya maji ya kuoshea vyombo, na kwenye matope kulikuwa na nyayo mbili, wa kushoto na wa kulia, safi kabisa.

Zilikuwa za akala, vile viatu vya kukatwa kwenye tairi kuukuu ambavyo nusu ya watu wa huku huvaa wakienda shambani. Wayo wa kushoto ulikuwa umelika upande wa nje, hauna maua ya tairi, ile michoro yake. Wa kulia ulikuwa umelika upande wa ndani. Nilichuchumaa pale huku watu wakinizunguka, na nilihisi utamu niliouhisi kila mara. Nikasimama nikawaambia kwamba huyu ni mtu anayeegemea kushoto. Mguu wake wa kushoto ni mbovu. Mtafuteni kiwete mwenye akala.

Walitazamana. Hawakuhitaji kutafuta.

Lakini kwanza nieleze jambo moja, kwa sababu ndilo lenye uzito. Kabla sijamfuata kiwete huyo, mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mwanawe, kijana wake. Kijana alikuwa amegombana na marehemu wiki mbili kabla, mbele ya watu, kwa sababu mama wa duka alimwita mwizi wa soda. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, tandiboi, yaani utingo wa lori. Nikapiga simu huku na huku nikimtafuta, na nikaambiwa na kituo kimoja upande wa Mwingi kwamba wanaye. Alikuwa ameshikwa kwa kupigana baa, akalala selo siku mbili, na siku ya mauaji alikuwa ndani. Jina lake lilikuwa katika kitabu cha matukio, na saa ya kuingia na ya kutoka. Wakamwachilia bila mashtaka. Kwao ni watu wa kanisa, kwa hivyo hakuwaambia wazazi wake. Mimi nilimfuta kwenye orodha yangu, nikasahau.

Baba yake alikuwa mchimba mchanga. Miaka mingi kabla, ukingo wa mto ulimwangukia akiwa anachimba, ukamvunja mguu wa kushoto, na mguu ukapona vibaya. Tulipofika kwake karibu na Matiliku alikuwa ameketi nje na mke wake wakitoa mbaazi maganda. Akala zilikuwa miguuni mwake. Nilimwambia ainue mguu. Maua upande mmoja, upande mwingine upara, sawa na plasta niliyokuwa nimeimwaga kwenye matope ili kunakili nyayo. Mke wake akasema kwamba siku ile ya soko mzee hakutoka, walikuwa hapa hapa na kazi hii hii. Nikamwambia kila mke husema hivyo.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa maneno. Siku ya pili nilimvua akala zake, nikamlaza kwa tumbo, nikampiga nyayo kwa akala hizo hizo. Mguu mbovu haukunyooka vizuri, ikabidi askari aushikilie. Hakulia. Alikuwa anahesabu kwa Kikamba, kwa sauti ndogo, ĩmwe, ilĩ, itatũ, akifika kumi anaanza upya. Ilinikasirisha. Nilidhani ananidharau, nikaongeza.

Siku ya tatu nilikuwa nimechoka kuliko yeye. Nikatumia njia nyingine, ambayo wapelelezi wote wa rika langu waliitumia: ukimkosa mtu mwilini, mfuate nyumbani kwake. Nikamwambia kwamba kama si yeye basi ni kijana wake, maana ndiye aliyegombana na marehemu, na kwamba nitamleta hapa na kumlaza pale pale alipolala yeye. Nilisema hivyo nikijua kwamba kijana alikuwa selo siku ya mauaji. Kwangu yalikuwa maneno tu ya kazi.

Akauliza kama tumemshika. Nikasema bado. Akaomba maji. Alipomaliza kunywa aliweka kikombe chini polepole.

"Andika, afande," akasema. "Ni mimi."

Sheria haimruhusu mpelelezi kuandika maungamo ya mtu wake mwenyewe, kwa hivyo aliyeandika alikuwa mkubwa wangu mwenye cheo kinachotakiwa. Mimi nilisimama nje ya mlango, na mzee alijua niko nje ya mlango. Alieleza yote, chuma, mlango wa nyuma, matope, na kila alichokieleza nilikuwa nimekitaja mimi mwenyewe katika kumuuliza. Akatia sahihi na kidole gumba. Nilikwenda mkahawani nikala chapati kwa maharagwe, nikaongezwa.

Wiki chache kabla ya kesi nilikwenda Kasikeu kumtafuta fundi aliyekata akala zile. Nilitaka aje kortini aseme kwamba aliziuza kwa mshtakiwa, basi, nifunge mzigo wangu kwa kamba nzuri. Nilimkuta ameketi chini ya mabati yake, kisu mkononi, vipande vya mpira vimemzunguka. Nikamwonyesha akala. Alizigeuza, akatabasamu kama mtu aliyeona kazi ya mkono wake.

"Hizi ni zangu," akasema. "Ilikuwa tairi ya pikapu. Ilikuwa imeisha upande moja."

Nikamwambia hapana, zimelika kwa sababu ya mguu wa mwenyewe. Akanitazama kwa adabu, kisha akainamia rundo lake la mabaki, akatafuta, akatoa kipande cha urefu wa kiganja. Upande mmoja ulikuwa na maua, upande mwingine upara. Kipande hicho hakikuwa kimekanyagwa na mtu yeyote.

"Hiyo iliisha ikiwa bado kwa gari, afande. Ekseli ilipinda. Sasa ukikata, ya kushoto inakuwa upara huku nje, ya kulia inakuwa upara huku ndani. Mguu haijafanya kitu hapo."

Nikamuuliza alitoa jozi ngapi. Akasema tatu. Mbili zilichukuliwa na yule mzee wa mchanga, moja ilichukuliwa na mtu wa kupita, siku ya soko, ambaye hamjui na hajamwona tena.

Nilielewa palepale. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu katika ushuhuda wangu kanisani nimewahi kusema kwamba nilikuwa gizani. Sikuwa gizani. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua linawaka, na kipande cha tairi kiko mkononi mwangu. Mtu wa tatu alikuwa ametembea katika matope yale na miguu yake miwili mizima, na mimi nilikuwa nimemvunja kiwete kwa sababu ya ekseli ya pikapu.

Ningerudi nikamwambia mkubwa wangu. Hakuna aliyenielekezea bunduki kichwani. Nilikuwa nangojea mahojiano ya kupandishwa cheo, hiyo ni kweli, na watu wakisikia hivyo hukubali haraka kwamba ni cheo kilichonipotosha. Hakikuwa cheo. Niliogopa kuchekwa. Niliwaona askari wamekaa na chai zao wakisimuliana jinsi bingwa wa nyayo alivyosoma gari akadhani ni mtu. Mtu amekaa jela miaka tisa kwa sababu niliogopa kicheko cha watu ambao leo wengi wao sikumbuki hata sura zao.

Nikamwambia fundi kwamba akitamka maneno hayo tena, nitamuuliza kwa nini alimuuzia muuaji viatu na kwa nini hamjui huyo wa kupita. Kisu chake kilisimama. Akasema yeye hajui kitu, yeye ni fundi tu. Nikachukua kile kipande cha tairi, nikakitumbukiza ndani ya choo cha shimo nyuma ya kituo. Fundi alikufa kwa ugonjwa wa sukari mwaka wa pili baadaye. Nilisikia habari hiyo nikashusha pumzi.

Mahakama Kuu ilinisikiliza kwa nusu siku. Nilieleza kushoto na kulia, nje na ndani, nikaonyesha plasta. Wakili aliyepewa mshtakiwa na serikali alikuwa binti mdogo mwenye faili nyingi kwapani, na aliniuliza maswali ya mtu ambaye hajawahi kuvaa akala. Mshtakiwa alikataa kujitetea. Jaji alisema kwamba mimi ni shahidi makini. Akampa miaka thelathini. Alipokuwa akiteremshwa, mzee aligeuka mara moja akatazama benchi ambako mke wake na kijana wake walikuwa wameketi. Alimtazama kijana kwa muda, kisha akaondoa macho. Nilidhani ni aibu.

Nikapandishwa cheo. Nikafanya kazi miaka mingine, nikastaafu, nikajenga hapa karibu na Mukuyuni, nikaacha pombe, nikaokoka. Katika mkutano mkubwa wa kanisa letu nilisimama kutoa ushuhuda, jinsi Mungu alivyonitoa mbali. Nilipokwisha, mama mmoja alinifuata chini ya turubai. Nilimtambua kabla hajafika.

"Mzee," akasema, "wewe ndiye ulimshika baba ya kijana wangu. Sasa umeokoka. Mtu ameokoka hawezi kudanganya. Niambie kama ni yeye."

Nilimwambia aombe. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka, na niliyasema kwa upole, nikimshika mkono.

Alirudi kila mwaka, baada ya mavuno, na mfuko mdogo wa mbaazi. Hakuja kwa hasira. Alinieleza habari. Mumewe hampendi kijana wake, na yeye mama hajui kwa nini. Kijana akienda kumwona jela, baba anakataa kutoka. Amekwenda mara kumi na moja na amerudishwa mara kumi na moja. Kijana alikuwa ameacha lori ili awe karibu na mama yake, akashika kazi ya baba, kuchimba mchanga. Mimi nilisikiliza, nikatikisa kichwa, nikachukua mbaazi.

Mwaka juzi ukingo wa mto ulimwangukia kijana. Walimtoa baada ya saa mbili, amekwisha kufa. Mama alikwenda jela kumpa mumewe habari, kisha akaja kwangu moja kwa moja, vumbi la safari bado liko kwenye kanga yake. Alisema mzee aliposikia alisema sawa, halafu akauliza kama mvua imenyesha.

"Sasa nimebaki na huyo moja, huyo wa jela," akaniambia.

Hakulia. Alikunja mfuko wake, safari hii hakuwa ameleta kitu, akaenda.

La kuvunda halina ubani, lakini nilijaribu. Nilitafuta wakili mjini Wote, nikamwambia yote, tairi, fundi, choo cha shimo. Alikuwa mtu wa makamo. Aliacha kuandika katikati, akaniuliza kama ninaelewa kwamba nami ninaweza kushtakiwa. Nikasema ninaelewa. Nikaapa hati yangu na kuitia sahihi. Akasema kesi inaweza kufunguliwa tena kwa ushahidi mpya, ila ombi lazima liwekwe sahihi na mfungwa mwenyewe. Basi nikajitolea kuipeleka karatasi hiyo. Nilimwambia mama kwamba kuna jambo jipya ambalo linaweza kumtoa mumewe. Sikumwambia ni jambo gani, wala kwamba nimelijua miaka yote hiyo. Alishika mikono yangu miwili akaibusu.

Tulikwenda pamoja. Siku hiyo walikuwa wanaruhusu mgeni mmoja kwa kila mfungwa, na mama akasema niingie mimi, karatasi ni muhimu kuliko yeye. Akabaki langoni, ameketi juu ya jiwe.

Mzee alikuwa amezeeka kunipita, ingawa mimi ndiye mkubwa kwa miaka. Aliketi, akaweka mguu mbovu pembeni. Alinisalimu kwa heshima, akaniita afande. Nilimweleza habari ya tairi bila kuipamba. Nilimwambia lini nilijua. Nilingoja atukane. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi nilijua si miguu yangu. Mimi sikufika hapo."

Nikamuuliza basi kwa nini alisema andika. Ilikuwa kipigo?

"Kipigo ningemaliza," akasema. "Ulisema kijana."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. Alinunua jozi mbili kutoka tairi ile, yake na ya kijana. Yake ilikuwa miguuni mwake siku ya soko, akiwa nyumbani na mke wake na mbaazi. Nilipomwonyesha plasta, aliona kwamba ni tairi ile ile. Sasa ile jozi nyingine ilikuwa wapi? Kijana alikuwa amegombana na mama wa duka, na siku hiyo hakuwa nyumbani, na aliporudi alikuwa na jeraha usoni ambalo hakutaka kulieleza. Alipiga hesabu hiyo akiwa amelala kwa tumbo, na ikatoka jibu moja. Hakumuuliza kijana hata siku moja. Alisema angemuuliza angejibiwa, na akijibiwa atajua, na akijua hataweza kulibeba. Hakumwambia mke wake. Na kila kijana alipokuja kumwona, hakuweza kutoka, kwa sababu angemtazama angemchukia.

"Mama alipokuja kusema amekufa," akasema, "nilisema ndani ya roho, haya, Mungu amemaliza kesi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Jozi ya tatu nilikuwa nimeshaitaja, na hiyo ingetosha kumtia shaka juu ya hesabu yake kidogo kidogo, kwa mwendo wake mwenyewe. Lakini nilikuwa nimekuja kuwa mkweli, na mtu aliyeanza ukweli uzeeni ni kama aliyeanza pombe uzeeni, hajui kipimo. Na nikubali, nilitaka kutua mzigo wote siku hiyo hiyo nirudi nyumbani mwepesi. Nikamwambia kwamba kijana alikuwa selo upande wa Mwingi, siku mbili, kwa kupigana baa, na kwamba jeraha lile lilitoka huko. Imeandikwa. Nilipiga simu mimi mwenyewe.

"Ulipiga lini?"

"Kabla ya kuja kwako."

"Kabla ya kunishika."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo siku ile ukisema utamleta," akasema, akaishia hapo.

Nikamwambia kwamba siku ile nilijua si kijana wake.

Nilisikia mfungwa mwingine akicheka na watu wake kwenye benchi ya pili. Nikasukuma karatasi mbele yake na kalamu juu yake, nikaanza kueleza mahali pa kuweka sahihi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Akairudisha kwa kidole kimoja.

"Nitoke niende wapi? Nikae na mama yake, nimwambie nini?"

Nikasema mke wake yuko hapo nje, anangojea. Nikasema mengi. Alinisikiliza kwa subira, halafu akajiinua kwa kushika meza, akamwita askari amrudishe ndani ingawa muda wetu ulikuwa haujaisha.

"La tairi ungemwambia jaji, afande," akasema. "Hili la kijana ungeninyamazia."

Nilitoka. Mama alipoona mlango mdogo umefunguka alisimama haraka kutoka kwenye jiwe, akajipangusa kanga, akaniuliza kama ameweka sahihi. Nilikuwa na karatasi ndani ya koti. Nikamwambia kwamba saa za wageni zilikwisha mapema leo kabla hatujamaliza, na kwamba turudi wiki ijayo. Aliamini. Akasema Mungu hakosei saa, na akanishukuru kwa safari ndefu niliyoifanya kwa ajili yao. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Akafungua mfuko wake, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha alivyokuwa amemletea mume wake, akasema vitaharibika bure. Nilikuwa na njaa. Nikavila vyote, nimesimama pale langoni, naye ananishikia kikombe cha maji.